Siku za Mwizi Ni Arobaini: Nani Anazihesabu?

(Maneno haya niliyasema mbele ya wakazi wa Arusha katika mhadhara wa wazi wa Wiki ya Sheria. Nimeyaandika kama nilivyoyatamka, isipokuwa pale niliporudia.)

Mwenyekiti wa kikao, wazee wangu shikamooni. Waheshimiwa mahakimu na mawakili, maafisa wa polisi na wa magereza, wenyeviti wa mitaa, mama zangu wa soko la Kilombero mliofunga meza zenu kuja hapa, na ninyi vijana mliokaa huko nyuma karibu na mlango, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nijibu swali moja: hizi sera zetu za kudhibiti uhalifu, zinafanya kazi? Nilikuwa hakimu, kwanza Moshi, kisha hapa Arusha, hadi nilipostaafu. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Niliulizwa kila mwezi nimemaliza mashauri mangapi. Polisi nao waliulizwa wamekamata wangapi, na magereza yana wangapi. Kama kibaka wa pale stendi ndogo ameacha kuiba, au kama mama anayetoka kazini saa tatu usiku sasa anafika nyumbani salama, hilo halikuwa na safu yake kwenye fomu yoyote niliyowahi kujaza.

Nianze na kijana mmoja. Jina lake sitalitaja. Alikuwa na miaka 21. Usiku mmoja, kichochoroni, alimtolea mwenzake panga akamnyang'anya simu na shilingi elfu kumi na nane. Ushahidi ulikuwa safi: alikamatwa dakika chache baadaye, simu ikiwa mfukoni. Kwa Kanuni yetu ya Adhabu, Sura ya 16, hilo ni unyang'anyi wa kutumia silaha, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Hakimu hana pa kusogea. Hawezi kuangalia umri, wala kwamba ni kosa la kwanza, wala kwamba aliyeporwa hakupata hata mkwaruzo. Nilisoma hukumu. Mama yake alikuwa amekaa benchi la pili, amejifunika kanga mpaka mdomoni, hakulia. Alisimama tu, akatoka.

Jumatatu iliyofuata liliingia shauri jingine mbele yangu, la mtaa uleule. Panga na simu.

Nililala na jambo hilo siku nyingi. Mahakimu huwa tunakagua magereza, na nilipokwenda Kisongo kwa ukaguzi nikaanza kuwauliza waliofungwa kwa makosa kama hayo: ulipotoka nyumbani usiku ule, ulijua ni miaka 30? Wachache walijua. Wengi waliisikia siku ya hukumu. Na hata waliojua, hakuna aliyeniambia kwamba alikaa akapiga hesabu ya miaka. Hesabu waliyopiga ilikuwa nyingine kabisa: nitaonekana? Nitakimbilia wapi? Mwenye simu ataenda polisi, na akienda, watakuja?

Hapo ndipo nilipoielewa methali niliyoisikia tangu utotoni. Siku za mwizi ni arobaini. Isikilizeni vizuri. Haituambii mwizi atachapwa ngapi, wala atafungwa miaka mingapi. Inasema atakamatwa, basi. Waliotunga maneno hayo walijua kwamba anachokiogopa mwizi ni ile siku ya arobaini kufika. Sisi tumefanya kinyume. Siku ya arobaini tumeiacha ipotee, halafu tukaongeza ukali kwa wachache wanaoangukia mikononi mwetu.

Na ukali tumeujaribu muda mrefu. Mwaka 1963, nchi ikiwa bado changa, Bunge lilipitisha Sheria ya Kima cha Chini cha Adhabu. Mwizi wa mifugo, mla rushwa, mvunja nyumba, pamoja na kifungo alipata viboko 24: nusu siku ya kuingia gerezani, nusu siku ya kutoka, ili akawaonyeshe na wa nyumbani. Wazee mliopo hapa mnakumbuka. Kama viboko vingemaliza wizi wa ng'ombe, leo Monduli na Longido pasingekuwa na mtu anayelala zizini na fimbo.

Nataka kusema jambo la 1983, na ninalisema kwa heshima kubwa kwa sababu Edward Sokoine, Waziri Mkuu wa wakati ule, ni mtoto wa mkoa huu na hakuna anayetilia shaka uadilifu wake. Ile vita dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi iliungwa mkono na wananchi wa kawaida kwa sababu walikuwa wamechoka. Sabuni haikuwepo, sukari haikuwepo, na mtu mwenye stoo alikuwa akiificha. Watu walikamatwa kwa maelfu, mabaraza maalumu yakaundwa. Lakini jiulizeni ulanguzi wa sabuni uliisha lini. Uliisha bidhaa ziliporudi madukani, baada ya serikali mwaka 1984 kuruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza vitu kutoka nje. Mlanguzi alikuwa anaishi kwenye uhaba, na uhaba ulipopungua akakosa pa kusimama. Leo sidhani kuna kijana humu aliyewahi kununua mche wa sabuni kwa kujificha. Somo hilo tulilipata kwa gharama kubwa, na sijaona tukilitumia kwenye uhalifu mwingine.

Wenzetu wa mbali wamefanya jambo ambalo sisi tunaliogopa: wamezipima sera zao. Kule Kansas City, Marekani, mwaka 1972 hadi 1973, polisi waligawa eneo lao mafungu matatu. Fungu moja halikupelekewa doria ya gari kabisa, askari walikwenda walipoitwa tu. La pili lilibaki kama kawaida, la tatu likaongezewa magari mara mbili mpaka tatu. Baada ya mwaka, uhalifu haukutofautiana, na wakazi hawakugundua kwamba doria zimebadilika. Gari linalozungukazunguka halimzuii mtu. Utafiti uliofuata, wa Minneapolis, ukaonyesha kinachosaidia zaidi: kumpeleka askari kwenye kona zilezile chache ambako matukio hurudia. Na kona hizo kwetu hazihitaji kompyuta. Mwulize muuza mahindi ya kuchoma wa mtaa wowote, atakuonyesha kwa kidole.

Jiji la New York nalo. Mwaka 2011 polisi wake walisimamisha watu barabarani zaidi ya mara 685,000, wengi wao vijana weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini, na karibu tisa katika kila kumi waliachiwa kwa sababu hawakuwa na kosa. Wakubwa waliapa kwamba bila hivyo jiji litarudi kwenye damu. Mwaka 2013 jaji alisema namna ile inavunja Katiba. Idadi ya wanaosimamishwa ikashuka hadi chini ya 50,000 mwaka uliofuata. Jiji halikurudi kwenye damu. Mauaji yalibaki machache, na mwaka 2017 yakawa chini ya 300, kwenye jiji lililokuwa na zaidi ya 2,000 mwaka 1990. Nikikumbuka misako ninayoijua, vijana wakibebwa kwenye karandinga kwa sababu tu wamekaa kijiweni saa mbili usiku, huwa najiuliza ni wangapi tuliwafundisha kumchukia askari ambaye kesho atawahitaji kama mashahidi.

Neno hilo, shahidi, ndilo ninalotaka kukaa nalo.

Nyote mliowahi kufika mahakamani mnaijua sentensi moja. Mwendesha mashtaka anasimama: "Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika, naomba tarehe nyingine." Hakimu anaandika, siku kumi na nne. Mshtakiwa anarudi rumande kama kosa lake halina dhamana, na unyang'anyi wa silaha hauna. Wiki mbili, sentensi ileile. Nimeiandika kwa mkono wangu kwenye majalada mpaka wino unaisha. Na siku upelelezi unapokamilika, mlalamikaji amehama, shahidi wa pili ni utingo wa basi na yuko njiani Singida, wa tatu alikuja mara nne kwa nauli yake, akarudishwa mara nne, na mara ya tano amekataa. Unafanyaje? Unamwachia mtuhumiwa. Mtaani wanasema hakimu amekula hela.

Na wakishaamini hivyo, mnajua kinachofuata. Mwizi mwingine akishikwa hapelekwi kituoni. Linakuja tairi, yanakuja mawe, na kesho yake taarifa inasema ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Nimewahi kusikiliza uchunguzi wa kifo cha kijana aliyeuawa hivyo kwa sababu alikutwa na begi la mtu. Begi alilikuta limetupwa mtaroni. Mkamatwa na ngozi ndiye mwizi, ndivyo tunavyosema, na kijana yule alikamatwa na ngozi. Nyama iliyokuwa ndani ya ngozi hiyo aliila mwingine, na yule mwingine hakutafutwa tena, kwa sababu mtaa ulikwisha kuridhika. Mauaji ya namna hii mimi siyaiti hasira. Ni hukumu ya wananchi juu yetu sisi wa mahakamani na wa polisi, ila anayetumikia adhabu ni mtu mwingine.

Nitoe mfano wa jinsi upelelezi na mtaa vinavyoshikana. Mwaka 1980 Mahakama yetu ya Rufani, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, iliweka kanuni ambayo kila hakimu anaijua kwa moyo. Shahidi akisema "nilimtambua kwa macho," uliza: ulimwona kwa muda gani? Umbali gani? Ulikuwa mchana au usiku? Mwanga ulikuwa wa nini, na ulikuwa na nguvu kiasi gani? Ulikuwa unamfahamu kabla? Kanuni nzuri, imeokoa wasio na hatia wengi, na mimi nimeitumia bila kusita. Lakini fikirieni maana yake kwenye mitaa yetu. Mama anaporwa saa tatu usiku pale ambapo barabara haina taa. Anakuja mahakamani, anasema kweli tupu, na mimi kwa mujibu wa sheria namuuliza mwanga ulitoka wapi. Hana jibu. Giza lililomsaidia mwizi kumpora ndilo linalomtetea mahakamani.

Kwa hiyo mtu akiniuliza taa ya barabarani ni suala la nani, nasema ni suala la haki jinai. Mwaka 2016 New York hiyohiyo ilifanya jaribio: iliweka taa za muda kwenye baadhi ya makazi ya watu wa kipato cha chini, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, na makosa makubwa ya nje nyakati za usiku yakapungua kwa asilimia 36 hivi. Hakuna mtu aliyeongezewa hata siku moja ya kifungo. Hapa kwetu taa ingefanya kazi mara mbili, kwanza kumzuia, na akishindikana, kumtambulisha.

Sisemi hakuna kinachofanyika. Mwaka 2022 sheria ilibadilishwa ili shauri lisifunguliwe mahakamani kabla ya upelelezi kukamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Mwaka 2023 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilizungumza na wananchi kuhusu taasisi za haki jinai, ikakabidhi ripoti yake mwezi Julai, na miongoni mwa mapendekezo yake ni kuwa na chombo cha upelelezi kinachojitegemea. Hizo ni hatua za kweli. Ila hilo la kuyatenga makosa makubwa linaniuma, kwa sababu mengi yake ndiyo yasiyo na dhamana. Anayesubiri upelelezi kwa muda mrefu zaidi ni yule asiyeweza kusubiri akiwa nyumbani.

Na msiniambie kwamba upelelezi mzuri ni jambo la nchi tajiri tusilolijua. Ninyi wakazi wa Arusha mmeliona kwa macho. Tangu 1995 mpaka 31 Desemba 2015, hapa mjini, kwenye majengo ya kituo cha mikutano cha AICC, ilikaa Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda. Ilishtaki watu 93. Ilikuwa mahakama ya kimataifa ya kwanza kumtia hatiani mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari, mwezi Septemba 1998. Ilikuwa ghali na ilikuwa polepole, wapo waliolalamika kwa haki. Lakini walikuwa na jambo moja ambalo nimelitamani maisha yangu yote: shahidi alitunzwa. Alisafirishwa, alilazwa, jina lake lilifichwa likabaki herufi na namba, na alikuwepo mtu wa kumsikiliza baada ya kutoka kizimbani akitetemeka. Wakati huohuo, mwendo mfupi kutoka hapo, mjane wa mtaa wa Unga Limited alikuwa anatembea kwa miguu kuja kunitolea ushahidi kwa sababu hana nauli ya daladala. Na ndugu wa mshtakiwa walikuwa wanamsubiri nje ya geti.

Arusha pia ndiko iliko Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mwezi Novemba 2019 mahakama hiyo iliamua, katika shauri lililoihusu nchi yetu, kwamba adhabu ya kifo ya lazima inakiuka haki ya uhai, kwa sababu inamnyima jaji nafasi ya kumtazama aliye mbele yake. Hatujanyonga mtu tangu 1994. Mimi siyo mwanasiasa, lakini nilipousoma uamuzi ule nilimkumbuka kijana wangu wa miaka 21. Kufungwa mikono kwa anayehukumu ni jambo lilelile, iwe kamba au miaka 30.

Najua wapo wanaosema moyoni, mzee amelainika. Hapana. Wapo watu niliowafunga na ningewafunga tena kesho asubuhi. Kuna mtu ambaye akiwa nje atambaka mtoto mwingine, na kuta za gereza zina kazi ya kumzuia. Ninachokataa ni kuitumia dawa ya huyo kwa kila mgonjwa.

Kwa sababu karibu wote wanaofungwa siku moja wanarudi mtaani. Hili huwa tunalisahau. Kule Monrovia, Liberia, watafiti waliwachukua vijana 999 walioishi kwa wizi, uporaji na kuuza dawa. Baadhi walipewa wiki nane za mazungumzo ya kujifunza kuzuia hasira na kujiona kama watu wengine, baadhi wakapewa dola 200, baadhi vyote viwili, na wengine hawakupewa chochote. Waliopata vyote viwili walipunguza uhalifu, na baada ya miaka 10, walipotafutwa tena, makosa yao yalikuwa bado yamepungua kwa karibu nusu. Wiki nane, na fedha isiyofika bei ya pikipiki. Mimi huyu kijana wangu nimempa taifa limlishe kwa miaka 30.

Nasi tunazo mbegu zetu. Gereza la Karanga pale Moshi wafungwa wanashona viatu vya ngozi, na anayejua kushona kiatu ana cha kushika akitoka. Tuna Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, ambayo inamruhusu hakimu kumpeleka mwenye kosa dogo akasafishe hospitali au shule badala ya kwenda kujifunza wizi mkubwa gerezani. Nimeitumia. Niliwahi kumpa kijana aliyeiba kuku miezi minne ya kufagia zahanati. Muuguzi wa zahanati ile baadaye alinipigia simu, siyo kulalamika, aliuliza kama anaweza kubaki. Lakini ili kuitumia sheria hiyo, afisa wa probesheni, yule anayemchunguza na kumsimamia mwenye kosa akiwa nje ya gereza, lazima awepo, awe na usafiri, aweze kwenda nyumbani kwa mshtakiwa kuandika ripoti. Mara nyingi niliagiza ripoti na haikuja, nikaishia kufunga. Hayo ni makosa yangu pia, na nimeyabeba nyumbani.

Wenyeviti wa mitaa, nina ombi kwenu, na siyo la bajeti. Mtu akitoka Kisongo, karibu kila mara wa kwanza kujua ni ninyi. Mwiteni. Mwulizeni amejifunza kazi gani huko ndani, mpelekeni kwa fundi mmoja mnayemwamini, na mwambieni fundi ukweli wote. Msisubiri mpaka begi la mtu lipotee ndipo jina lake litajwe.

Nanyi mliowahi kuona tukio mkanyamaza, siwalaumu, najua geti la mahakama lina nini nje yake. Mimi sina cheo tena, lakini nina miguu na nina muda. Mjane yule wa Unga Limited shauri lake lilikwisha zamani, ila jirani yake ana la kwake, la kuvunjiwa duka, na anaogopa kwenda peke yake. Linatajwa Jumanne saa tatu asubuhi. Nimemwambia saa moja na nusu nitakuwa nje ya mlango wake, twende pamoja. Kuna nafasi ya wawili wengine kwenye gari.